Hodi Shingoni

Lusajo aliuawa mchana kweupe, katikati ya michai aliyoipanda baba yake. Watu wa Ilindi walikuwa wamemzunguka, na hakuna aliyeweza kumwinulia mkono muuaji.

Si kwamba hawakutaka. Dada yake, Tusekile, alitaka mno, na ndiyo maana alianguka. Alikuwa amekuja mbio kutoka barabarani baada ya kusikia mayowe, akaona rungu la Afande Nguluma likipanda na kushuka, akaokota jiwe. Hapo hapo goti la kulia likalegea, la kushoto likafuata, jiwe likamponyoka, naye akaenda chini kama gunia lililokatwa kamba. Shavu likatua kwenye udongo mbichi. Hakuweza kugeuza shingo. Akabaki anatazama.

"Ulisema shamba ni la nani?" Nguluma aliuliza.

"La baba." Mdomo wa Lusajo ulikuwa umejaa damu. "Kaburi lake lile pale, afande. Muulize mwenyewe."

Rungu likashuka tena. Lusajo alitaka kuukinga uso, na mkono wake ukaanguka njiani, kwa kuwa mnara haukujua tofauti ya mtu anayetaka kupiga na mtu anayekataa kupigwa. Mfupa wa shavu ukavunjika kwa mlio kama wa kuni kavu. Pembeni, wanaume waliokuja na mapanga yao ya kupogolea chai walikuwa wamelala vichakani hovyo, mmoja juu ya mwenzake, macho yamewatoka, mate yakiwachuruzika. Waliobaki wamesimama ni wazee waliokwisha kukata tamaa, na askari.

Kila mtu wa Ilindi alikuwa na kitulizo: chembe isiyozidi punje ya ulezi, iliyopandikizwa nyuma ya shingo. Kitulizo kilisikiliza moyo na damu ya mtu na kupeleka habari kwenye mnara wa kilimani, kupitia minara midogo ya mji. Mtu akipandwa na hasira ya kudhuru, mnara ulirudisha amri, na amri hiyo, ikirudiwa bila kukoma, ilimkata miguu na mikono mpaka moyo utulie. Wahuni walikuwa wameanguka hivyo, na walevi, na hata watoto waliogombania mpira. Baraza la Utulivu liliandika kwenye bango la kuingilia mji kwamba Ilindi hapapigwi mtu, na kwa miaka mingi bango lile lilikuwa linasema kweli. Askari nao walikuwa wameapa hadharani kwamba wamepandikizwa kama raia wengine.

Lakini Ilindi ni mji wa baridi, na baridi ilikuwa imepata wateja. Baraza lilitaka kujenga kumbi za seva, mitambo ya kompyuta inayopoozwa kwa baridi, pale penye michai, na Lusajo alikuwa amekataa kung'oa kigingi chake cha mpaka.

Lusajo alipokwisha kutulia, Nguluma alifuta rungu kwa majani ya chai. Alikuwa anahema. Mishipa ya shingo ilimsimama, uso umemvimba kwa ghadhabu, na bado alipiga teke la mwisho kwenye mbavu za mtu aliyekwisha kufa. Kisha akatembea zake kuelekea kwenye gari, wima, kwa miguu yake miwili.

Tusekile, shavu likiwa bado chini, aliitazama miguu ile.

*

Yeye alikuwa fundi wa mtandao katika kituo cha mawasiliano cha mji. Asubuhi iliyofuata alikwenda kazini na kitenge cha msiba kiunoni. Mkuu wake, mzee Ambakisye, alipomwona mlangoni alivua miwani.

"Mwanangu, rudi nyumbani ukakae na wenzako. Kazi ipo tu."

"Nitarudi, baba. Kuna kitu nataka kukiona kwanza."

Aliwasha kompyuta na kufungua programu ya Baraza ya kukagulia mtandao. Ilikuwa kama siku zote: kila mnara kijani, kila kitulizo kijani, kijani mpaka kwenye ncha za milima. Programu ile ilionyesha ilichoambiwa kuonyesha, na hapakuwa na mlango wa kuingilia ndani yake kuona inafikiri vipi.

Kwa hiyo akatafuta nyingine. Aliijua tangu chuoni: programu huria iitwayo Hodi, iliyoandikwa na watu wa kujitolea wa Pemba, Kisangani na kwingineko, msimbo wake wote ukiwa wazi kwa yeyote kuusoma na kuutengeneza upya. Kazi yake ilikuwa nyepesi kueleza. Ilituma pakiti ndogo ya data kwa kila kifaa kilicho mtandaoni, kama mtu anayebisha hodi mlangoni, kisha ikasubiri kitikie. Ilipima jibu limechukua muda gani, limepita njia ipi, na nani hakujibu kabisa. Ilikuwa na uwezo mwingine pia: kubisha kwa nguvu, maelfu kwa maelfu kwa wakati mmoja, ili fundi aone mtandao unabeba mzigo kiasi gani kabla haujaelemewa.

Akaanza kuipakua. Mtandao ulikuwa mzito. Ilifika nusu ikakatika, akaiendeleza pale ilipoishia, ikakatika tena. Ilipokamilika hakuifungua. Aliikagua kwanza kwa alama ya uhakiki, mlolongo mrefu wa herufi na tarakimu, akilinganisha na ile iliyotolewa na waandishi, herufi kwa herufi, kidole juu ya kioo, kuhakikisha hakuna aliyeichezea njiani. Zikalingana. Akafungua faili la maelekezo. Mstari wa kwanza ulisema: *Usibishe hodi kwenye mtandao usio wako.*

Tusekile alipapasa nyuma ya shingo yake, kwenye kovu dogo. Kama huu si wangu, aliwaza, umeingiaje humu?

Akaamuru programu ijisakinishe. Ikagoma: ilihitaji maktaba mbili za msimbo ambazo kompyuta ile haikuwa nazo. Akazipakua. Ikagoma tena: *Huna ruhusa. Weka nywila ya msimamizi.*

"Unasakinisha nini hapo?" Ambakisye alikuwa amesimama nyuma yake, kikombe mkononi.

"Programu ya kupimia mtandao, baba. Ni huria."

"Tunayo ya Baraza."

"Ya Baraza inasema Nguluma ana kitulizo na kinafanya kazi. Mimi nilikuwa nimelala pale. Nimemwona."

Mzee Ambakisye ndiye aliyefunga mnara wa kilimani kwa mikono yake. Kabla ya vitulizo, katika ile miaka ya fujo, mwanawe wa kwanza aliuawa kwa mapanga kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba, na tangu hapo mzee akiongea, wakati mwingine alikuwa anakatika katikati ya sentensi akitazama mlango.

"Niliujenga ili asipigwe mtu," alisema.

"Najua, baba."

Akaweka kikombe mezani, akainama juu ya bega lake, akaandika nywila mwenyewe.

*

Mchana alitoka na kishikwambi, ambacho sasa kilikuwa kama rimoti ya programu iliyoko kituoni. Alipita sokoni taratibu. Kila aliyepishana naye, kitulizo chake kilijibu: muuza viazi, fundi cherehani, mama mjamzito, mlevi aliyelala barazani. Hodi, na jibu. Hodi, na jibu. Majibu yalikuja mepesi kama watu wa nyumba moja.

Akafika kwenye lango la kambi ya askari. Nguluma alikuwa amekaa kwenye benchi akichonga kijiti cha meno, wengine watano wakicheza bao.

"Pole na msiba, dada," Nguluma alisema bila kuinua macho.

Tusekile alibonyeza. Hodi. Kimya. Akarudia. Kimya. Shingo sita pale mbele yake, na ndani yake hamna kitu.

Lakini fundi haamini kimya cha mara moja. Huenda mawimbi yalikuwa dhaifu pale langoni. Njia ya kujua ilikuwa kuuongezea mtandao mzigo na kuangalia ni wapi unapotea. Alirudi mpaka ukingoni mwa soko, akaongeza hodi kutoka mia hadi maelfu, na bado hazikutosha, akaongeza tena. Kioo kikaanza kuwa chekundu. Minara ilikuwa imeshikwa na kazi ya kujibu, na pakiti nyingine zote zilikuwa zinasubiri foleni.

Hakufikiria ni pakiti zipi hizo nyingine mpaka aliposikia ukelele.

Ulitoka kwenye genge la viazi la Mwaisumo na mkewe Syabumi. Watu wote wa soko walimjua Mwaisumo. Karibu kila wiki alimwinulia mkewe mkono, na karibu kila wiki alianguka kama mgomba, watu wakacheka, Syabumi akaendelea kupima viazi juu ya kichwa chake. Ilikuwa mchezo wa soko. Siku ile ndoo ilimponyoka Syabumi, viazi vikabingirika, mumewe akainua mkono, na mkono ukafika.

Mwaisumo mwenyewe alishtuka. Aliutazama mkono wake. Kisha akaona kwamba bado amesimama, na uso wake ukabadilika kuwa kitu ambacho Ilindi ilikuwa imesahau. Akachukua jiwe la mizani.

Alimpiga mdomoni. Alimpiga tena akiwa chini. Watu walisimama wakiwa wametoa macho, wakisubiri aanguke, kwa kuwa siku zote alianguka. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba mtu anaweza kushikwa kwa mikono. Tusekile alikimbia, sasa akijua kwamba hata amri za mnara zimekwama foleni, akakosa kitufe cha kusimamisha mara ya kwanza, akakipata. Kioo kikarudi kijani. Mwaisumo akaanguka juu ya mkewe, na jiwe likaangukia katikati ya viazi, limelowa damu, na jino kando yake.

*

Zahanati ilikuwa na vitanda vichache. Syabumi alikuwa amefungwa bendeji kuanzia kidevuni hadi utosini. Ambakisye alikaa kwenye kiti cha miguuni. Tusekile alikuwa amesimama dirishani, na mbele yake alikuwapo Gwamaka, rafiki wa Lusajo tangu utotoni, mtu mnene wa mabega aliyekuwa mchoma matofali.

"Kwa hiyo askari hawana vitulizo," Gwamaka alisema. "Wametoa."

"Wametolewa," Ambakisye alisema. "Kitu kikiwemo kingejibu, hata kama kimezimwa nusu. Baraza limewatoa."

"Basi dada, huna haja ya kufikiri. Kesho tunamzika Lusajo pale pale shambani, kando ya baba yake. Watakuja. Wakija, wewe bisha hodi yako. Sisi tutamaliza."

"Hakuna njia ya kuwafungua nyinyi peke yenu," Tusekile alisema. "Nikiujaza mtandao, unajaa kwa kila mtu. Kila aliyewahi kutaka kumpiga mwenzake anaachiwa."

"Tuachiwe! Sisi ni mbuzi?"

Kutoka kitandani ikatoka sauti nzito, ya ulimi usio na mahali pa kukaa. Syabumi alikuwa ameinua kiganja.

"Kaka Gwamaka," alisema. Kila neno lilimtoa machozi. "Wewe umefungwa na mnara. Mimi mnara ndio ulionifungua. Miaka yote hii nimelala usingizi, kando ya mtu yule. Nimelala. Unajua maana yake?"

Gwamaka alitazama chini.

"Mkiuzima, nyinyi mnakwenda kupigana na askari. Mimi ninakwenda nyumbani."

Nje, mtu alikuwa anapasua kuni.

"Lusajo alikuwa ndugu yangu kuliko ndugu," Gwamaka alisema kwa sauti ya chini, akimtazama Tusekile na si mgonjwa. "Niliona ubongo wake kwenye majani, nikiwa nimelala kama mzoga. Nikifa leo, ndicho nitakachokwenda nacho. Wewe amua, dada. Lakini ujue kuamua kutofanya nako ni kuamua."

Akatoka. Tusekile alimgeukia Ambakisye.

"Baba, wewe ungefanyaje?"

"Usiniulize mimi," mzee alisema. "Mimi nilishaamua zamani kwa niaba ya watu wote, na angalia."

Aliporudi nyumbani alikuwa ameamua kutobisha. Alikwenda na kishikwambi kwenye mazishi kwa mazoea tu, hivyo ndivyo alivyojiambia.

*

Walimpeleka Lusajo shambani kabla jua halijawa kali. Kaburi lilikuwa limechimbwa kando ya la baba yake, majembe na mapanga ya kupogolea yamesimikwa kwenye udongo mwekundu, na jeneza limewekwa juu ya miti miwili. Wanawake walikuwa wanaomboleza. Syabumi alikuja na bendeji zake, akakaa na wanawake. Mwaisumo naye alikuja, akasimama nyuma kabisa, na watu wakamwachia nafasi pande zote.

Gari la askari likapanda mlima. Wakashuka sita, na marungu. Hawakuwa na bunduki; nani anahitaji bunduki kwa watu wanaoanguka wenyewe?

"Hapa hapazikwi mtu," Nguluma alisema. "Hili ni eneo la mradi. Toeni hilo sanduku."

Gwamaka alikwenda mbele, mikono nyuma, anajitahidi kupumua taratibu. "Afande, tunakuomba. Acha tumsitiri mwenzetu, halafu mengine—"

Rungu lilimpata kwenye sikio. Akaenda chini, na kabla hajafika chini hasira ilikuwa imekwisha kummaliza miguu. Askari wawili wakashika ncha ya jeneza na kulipindua. Kifuniko kikafunguka. Lusajo akabingirika ndani ya sanda yake, akalala kifudifudi kwenye udongo, na uso wake, ule waliokuwa wameusafisha kwa kutwa nzima, ukaingia matopeni.

Watu wakaanguka. Walianguka wote, kama majani yaliyopitiwa na fyekeo: wachimba kaburi, mchungaji, wanawake na vilio vyao vikikatika kooni, Syabumi, hata Mwaisumo. Walibaki wamesimama askari, mzee Ambakisye aliyefunika uso, na Tusekile.

Tusekile alikuwa amesimama kwa sababu hakutazama. Alijua akimwona kaka yake tu, amekwisha. Alikuwa ameinamia kishikwambi, akijilazimisha kusoma maneno yaliyokuwa kwenye kioo kama mtu anayesoma kitabu cha shule: idadi ya pakiti, minara, anzisha. Alimwaza Syabumi. Alisikia buti la Nguluma likikanyaga kitu laini. Hakutazama. Goti lake la kulia likaanza kulegea hata hivyo, kwa sababu masikio nayo yana hasira yake, na katika kuanguka, kidole kikiwa bado chake, alibonyeza.

Kwa muda mfupi hapakuwa na kitu. Kisha kioo kikawa chekundu.

Aliyeinuka wa kwanza alikuwa Gwamaka. Aliinuka polepole, akitikisa kichwa, damu ikimtoka sikioni, na askari aliyekuwa karibu naye akacheka, kwa kuwa alidhani mtu huyo amepoa. Gwamaka aling'oa jembe kwenye udongo na kumpiga nalo usoni. Kicheko kikazama ndani.

Halafu shamba zima likainuka.

Hapakuwa na kelele za vita. Watu wale hawakujua kupigana. Walijua kulima na kupogoa, na walifanya hivyo. Askari mmoja alikimbia, akakwama kwenye michai iliyoshonana, wakamfikia wanawake watatu kwa mawe. Mwingine alipiga magoti akitaja jina la mama yake, na mchungaji, yule yule aliyekuja na Biblia, alimshika nywele huku mtu mwingine akimkata. Mkono ulioshika rungu ulidondoka juu ya jeneza tupu. Nguluma alipigana kuliko wote. Alivunja mtu taya, akavunja mwingine kiwiko, mpaka jembe lilipompata kisogoni, akaangukia vichakani na kupotea. Hasira ya miaka yote waliyoanguka nayo ilikuwa haijaenda popote. Ilikuwa inasubiri foleni.

Tusekile alikuwa amepiga magoti karibu na kaka yake. Alimgeuza chali, akamfuta matope kwa kitenge. Alipoinua macho, askari walikuwa wamekwisha, lakini hasira ya watu haikuwa imekwisha.

"Na huyu!" Gwamaka alikuwa anapaza sauti. Jembe lilikuwa linadondosha damu. "Nani aliujenga mnara? Nani alitufunga? Si huyu?"

Mzee Ambakisye hakukimbia. Aliteremsha mikono.

"Gwamaka, mwache!" Tusekile alipiga kelele. "Yeye ndiye aliyenipa nywila! Gwamaka!"

"Lusajo alikufa kwa mkono wa huyu!"

"Gwamaka, nakuomba, kaka yangu!"

Wengine walikuwa wameanza kumzunguka mzee. Gwamaka aliinua jembe. Macho yake hayakuwa yanamwona mtu yeyote. Tusekile akabonyeza kusimamisha.

Wakaanguka wote. Jembe lilianguka kando ya mguu wa mzee. Shamba likanyamaza, ukisikia pumzi tu, na Tusekile akafikiri: imekwisha. Imekwisha, sasa tutazika.

Vichaka vikatikisika. Nguluma akasimama.

Kisogo kilikuwa kimefunguka na jicho moja limefungwa na damu, lakini alikuwa amesimama, na shingoni mwake hamkuwa na kitu cha kumwangusha. Alitazama watu waliolala. Akaelewa upesi. Akaokota panga, akaja akiyumba mpaka kwa Gwamaka, aliyekuwa amelala chali, macho yake yakimwona akija. Nguluma alimkata shingo mara mbili. Mara ya pili hakukuwa na haja.

"Washa!" Ilikuwa sauti ya Ambakisye. Yule mzee alikuwa anaomba kama mtoto. "Mwanangu, washa Hodi! Ubomoe mnara! Washa!"

Tusekile alikuwa ameshabonyeza. Programu ilikuwa inaita minara mmoja baada ya mwingine, na kioo kilikuwa bado kijani. Nguluma akahamia kwa aliyefuata, kijana wa fundi cherehani, akamkata begani, akavuta panga likakwama kwenye mfupa. Kijani. Akalichomoa kwa kukanyaga. Akamruka mwanamke mmoja mwenye bendeji kichwani, akimwacha kwa baadaye, akamwelekea Tusekile.

Kioo kikawa chekundu.

Nyuma ya Nguluma, Syabumi aliinuka. Kulikuwa na panga la kupogolea karibu na mkono wake, naye akalishika kwa mikono miwili, kama mtu asiyewahi kulishika, akamkata nyuma ya goti. Alipoanguka, alimkata tena. Hakulia wala hakutukana. Mdomo wake ulikuwa umefungwa. Aliendelea mpaka mchungaji alipokuja akamshika bega.

Watu walikuwa wanasimama, wanatazamana. Mmoja alitapika. Mtu mmoja alikuwa ameanza kumfunga kijana wa fundi cherehani begani kwa khanga.

Ndipo Mwaisumo alipotokea kati yao.

"Syabumi!" aliita. Sauti yake ilikuwa ile ya gengeni. "Umefanya nini wewe mwanamke? Hebu njoo hapa. Nyumbani!"

Akamfikia, akainua mkono.

Tusekile alikuwa na kidole juu ya kioo. Angebonyeza, Mwaisumo angeanguka. Syabumi naye angeanguka, na wote, na kesho ingekuwa kama jana. Asingebonyeza, mmoja wa wawili wale angekufa mbele yake, na yeye ndiye angekuwa amemuua. Syabumi hakumtazama mumewe. Alimtazama Tusekile, akatikisa kichwa mara moja: usiguse.

Tusekile akaondoa kidole. Akakiweka kishikwambi chini kwenye udongo, kioo juu, chekundu.

Mwaisumo alikuwa bado ameinua mkono. Alisubiri, kama watu wote walivyosubiri. Goti halikulegea. Syabumi alikuwa amesimama mbele yake na panga limeshuka pembeni, halitingishiki, damu ya Nguluma ikimdondoka vidoleni, naye hakurudi nyuma hata hatua. Mwaisumo aliuangalia mkono wake ulioko juu, kisha akaliangalia panga, kisha nyuso za watu waliokuwa wamemkaribia kimya kimya na sasa walikuwa wanajua kwamba mtu anaweza kushikwa.

Mkono ukashuka. Aliushusha mwenyewe, kwa hofu au kwa aibu, hakuna aliyejua.

"Usije nyumbani," Syabumi alisema kupitia bendeji. Mwaisumo akageuka, akashuka mlima kwa miguu.

"Tusekile," mchungaji aliuliza, akitazama kile kioo chekundu kilichokuwa chini. "Utaizima hiyo programu?"

Tusekile alitazama maiti zilizotapakaa shambani. Alimtazama Gwamaka, ambaye angekuwa hai kama asingeizima, na mzee Ambakisye, ambaye angekuwa maiti. Mzee alikuwa amepiga magoti, anamfumba Gwamaka macho.

"Sijui," alisema. "Kwanza tumzike."

Wakamrudisha Lusajo ndani ya jeneza, wakamteremsha. Kisha waliobaki wakaokota majembe, wakayafuta kwa majani kadiri walivyoweza, wakaanza kufukia. Walifukia polepole, bila wimbo, kila mmoja akiangalia mikono ya jirani yake.